Bima ya Gari kwa Kijana wa Miaka 18 Dar es Salaam: Gharama Ambayo Haionekani Kwenye Risiti

Kijana akitimiza miaka 18 nchini Tanzania anaruhusiwa kisheria kupata leseni ya kuendesha gari, na katika nyumba nyingi za Dar es Salaam jambo linalofuata si kununuliwa gari lake bali kuanza kuazima la mzazi. Mzazi anayekwenda kwa wakala kuuliza bima itapanda kwa kiasi gani huenda akashangaa kuambiwa kwamba haipandi. Ndugu yangu anayeishi Marekani alipoingiza jina la binti yake wa miaka 16 kwenye bima ya gari la familia, malipo yaliongezeka sana, kwa sababu huko kampuni hupima kwanza umri na rekodi ya dereva. Kwetu bei hufuata zaidi gari lenyewe, yaani thamani yake na kazi linayofanya. Ujana wa dereva nao una gharama yake, ila gharama hiyo imewekwa ndani ya masharti ya mkataba, na mwenye gari huijua siku ya ajali.

Tuanze na bima ndogo, ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo. Kwa gari dogo la binafsi nimekuwa nikilipa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima hii humfidia mtu mwingine aliyeumizwa au kuharibiwa mali na gari lako. Gari lako mwenyewe halimo. Bima kubwa huongeza gari lako dhidi ya ajali, moto na wizi, na mimi hutozwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa gari la shilingi milioni 12, hiyo ni 420,000, na VAT ya asilimia 18 ikiongezwa inafika 495,600. Gari kuukuu la milioni tatu au nne, ambalo familia inaweza kulipoteza bila kuyumba, sioni sababu ya kulikatia bima kubwa hata kama anayeliendesha ni kijana. Lakini gari ambalo bado linalipiwa mkopo, au ambalo ndilo linalompeleka mama kazini, nisingethubutu kumpa dereva mgeni likiwa na bima ndogo tu.

Kijana wetu alipoanza kuendesha gari letu, nilipata bei kutoka kampuni mbili zilizotofautiana kwa kama shilingi 40,000, na nilikaribia kuchukua iliyo nafuu. Kilichonizuia ni kipengele cha eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye gari huibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa chochote. Kampuni moja iliandika asilimia 10 ya dai kwa dereva yeyote mwenye leseni halali. Ile ya bei nafuu iliandika asilimia 10 kwa madereva wazoefu na 20 kwa dereva aliye chini ya miaka 21 au mwenye leseni isiyotimiza miaka miwili. Matengenezo yakigharimu milioni tatu, mkataba wa kwanza unakuachia 300,000 na wa pili 600,000, kwa hiyo punguzo lile la 40,000 lingeliwa mara kadhaa na ajali moja. Tangu hapo ninaomba masharti kamili kwa maandishi kabla ya kulipa, na ninayasoma nikitafuta maneno mawili tu: umri na leseni. Mikataba mingine haiishii kwenye eksesi, bali hutaja madereva wanaoruhusiwa kwa majina, na kijana asiyetajwa huhesabiwa kama hana bima. Wakala akikwambia kwa mdomo kwamba hakuna tatizo, mwombe akuandikie.

Liko pia suala la thamani ya gari. Baadhi ya wazazi huitaja pungufu ili malipo yapungue. Gari la milioni 15 likikatiwa bima ya milioni 10, kampuni ina haki ya kulipa theluthi mbili tu ya hasara, hata kama ni bampa na taa zilizovunjika. Kwa dereva mzoefu huo ni mchezo wa bahati. Kwa dereva anayejifunza foleni za Mwenge na bodaboda zinazopita kushoto na kulia, siuoni kama mchezo.

Kwa jiji letu ningeuliza vilevile kuhusu mafuriko. Kila mvua kubwa zikinyesha, maji hujaa Jangwani, na kijana asiye na uzoefu huona magari mengine yakipita naye akafuata. Uliza kama mafuriko yamo kwenye bima, na uliza mahususi kuhusu injini iliyoingiwa na maji kwa sababu dereva aliamua kupita. Wizi wa saitimira na vifaa vingine vidogo nao mara nyingi huwekewa kikomo chake.

Yote haya hayatasaidia ikiwa kijana hajui afanye nini baada ya kugongana. Hofu ya kugombezwa nyumbani humfanya atake kumalizana na mwenye bajaji palepale barabarani, akiri kosa na kuahidi kulipa. Mikataba kwa kawaida inakataza dereva kukiri kosa au kuahidi fidia bila idhini ya kampuni, na dai lisilo na ripoti ya trafiki hukwama mapema. Mfundishe apige picha, achukue namba za magari na simu za mashahidi, aite polisi, kisha akupigie wewe. Uamuzi wa kudai au kutodai ni wako. Mchubuko wa shilingi laki mbili mara nyingi hauna maana kudaiwa, kwa kuwa eksesi iliyowekewa kiasi ambacho haishuki chini yake inaweza kuumeza wote, na ukapoteza punguzo la kutodai, yaani nafuu ya bei anayopewa asiyedai, mwaka unaofuata, lakini taarifa ya ajali ipelekwe kwa kampuni ndani ya muda uliotajwa, hasa kama kuna mtu aliyeumia.

La mwisho ni teksi za mtandaoni. Kijana mwenye gari na saa za bure jioni atavutiwa kubeba abiria, na wala sioni ubaya wa kutafuta fedha yake. Bima ya matumizi binafsi, hata hivyo, haifuati gari linapofanya biashara, na ajali ikitokea abiria akiwa ndani, kampuni inaweza kukataa dai lote. Kabla ya safari ya kwanza ya malipo, bima ibadilishwe iwe ya biashara, na leseni iwe ya daraja linaloruhusu kubeba abiria.