Barua kwa mwanangu Zuhura kuhusu bei ya mishumaa

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Marahaba, mama. Barua yako na ile mishumaa mitatu vimenifikia salama kwa mkono wa kaka yako. Unasema kwamba tangu duka lililo karibu na stendi hapo Lindi lianze kuuza mishumaa ya glasi yenye harufu kwa shilingi 3,500, wateja waliokuwa wakinunua wa kwako kwa shilingi 6,000 wamepungua, nawe unaniuliza ushushe bei mpaka ulingane nao au uiache kazi yenyewe. Jibu langu ni kwamba usishushe, na huenda ukalazimika hata kupandisha. Lakini kabla ya kupandisha ipo kasoro moja katika mshumaa wako ambayo nitakueleza waziwazi, kwa kuwa mteja hatakueleza, yeye huacha tu kuja.

Kaka yako nilikuwa nimemwagiza aniletee na mmoja wa hilo duka. Nilipoiweka yote miwili mezani, kwa macho ilikuwa sawa: kimo kile kile, unene ule ule. Nikaipeleka kwenye mizani ya duka la jirani, nikaandika uzito wa kila mmoja, kisha kila usiku baada ya swala ya isha nikawa naiwasha pamoja kwa saa tatu, madirisha yamefungwa ili upepo wa bahari usiniharibie hesabu. (Baba yako alidhani nimeanza mambo ya kiganga.) Wa dukani uliisha usiku wa sita, nao ulikuwa umeipaka glasi masizi tangu usiku wa pili. Wa kwako ulikwenda mpaka usiku wa tisa. Baada ya hapo niliziloweka glasi katika maji ya moto, nikazisafisha na kuzirudisha mizanini, ndipo nikaona kwamba ile glasi ya dukani ina kitako kinene mno na ndani yake zilikuwamo gramu 90 tu, ilhali ya kwako ilibeba gramu 150 kamili.

Sasa gawanya mwenyewe. Shilingi 3,500 kwa gramu 90 ni kama shilingi 39 kwa gramu moja, na shilingi 6,000 kwa gramu 150 ni shilingi 40. Kumbe tofauti inayokukosesha usingizi ni shilingi moja kwa gramu, tena wewe unatumia nta ya nyuki na wao wanatumia nta itokanayo na mafuta ya petroli, ambayo ni rahisi zaidi. Mteja hawezi kulijua hilo kwa sababu lebo yako ina jina lako, ua la mlangilangi na namba ya simu, lakini haina uzito. Andika gramu 150, na andika saa ambazo mshumaa unawaka, baada ya kuzipima wewe mwenyewe na si kwa kukisia.

Kasoro ninayoisema ni utambi. Mshumaa wako ulipozimika usiku ule wa tisa, pembeni mwa glasi ilibaki pete ya nta nene kama kidole, na nilipoikwangua na kuipima ilikuwa gramu 30. Mteja amezilipia gramu hizo shilingi 1,200 na hakuziunguza. Ameunguza gramu 120 kwa shilingi 6,000, yaani shilingi 50 kwa gramu, na kwa hesabu hiyo wa dukani ndio wenye nafuu, hata ukikasirika. Nta ya nyuki ni nzito, huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na utambi mwembamba hauwezi kutoa joto la kuifikia mpaka ukingoni. Unachimba shimo katikati na kushuka nalo. Tafuta utambi mnene zaidi, mimina mishumaa minne yenye unene tofauti wa utambi, uiwashe yote siku moja, kisha uchague ule ambao nta yake inayeyuka mpaka kwenye ukuta wa glasi bila kutoa moshi.

Nije kwenye gharama, ambako nadhani umejidanganya kama nilivyojidanganya mimi nilipoanza kubangua korosho. Unakumbuka mikono yangu ilivyokuwa ikibabuka kwa mafuta ya maganda. Nilikuwa nikipanga bei ya kikombe kwa kutazama kikombe cha mwenzangu wa pembeni, naye akinitazama mimi, na wote wawili tulikuwa tumesahau kwamba kilo moja ya korosho safi hutokana na kilo nne au tano za korosho ghafi, na kwamba zinazovunjika huwezi kuziuza kwa bei ya nzima. Msimu ulipokwisha sikuwa na mtaji wa kununulia ghafi ya msimu uliofuata, na hata leo sijui mwenzangu yule alisalimika vipi.

Wewe umeniandikia kwamba mshumaa mmoja unakugharimu shilingi 4,000: nta 2,100, glasi 900, manukato 600, lebo na karatasi 250, utambi 150. Kwa hiyo unaona faida ya shilingi 2,000. Lakini unamimina mishumaa 24 kwa mkupuo, na umekiri mwenyewe kwamba miwili hupasuka au utambi wake huinama. Vifaa vya mishumaa 24 ni shilingi 96,000. Ongeza gesi 3,000, na nauli ya kufuata nta pamoja na mzigo 9,000, inakuwa 108,000, nayo unaigawa kwa mishumaa 22 inayouzika, si 24. Hapo kila mmoja umefika shilingi 4,909. Bado hujajilipa. Kazi hiyo inakuchukua siku mbili, na kama ungemwajiri binti wa jirani kwa shilingi 10,000 kwa siku, gharama ingefika 128,000, sawa na shilingi 5,818 kwa mshumaa. Najua nta ya ile iliyoharibika unaiyeyusha tena, ila manukato yake yameshakwenda na ukiichemsha mno inageuka rangi, kwa hiyo nimehesabu kwa ukali makusudi.

Ukishuka mpaka 3,500, mishumaa yako 22 itakupa shilingi 77,000 wakati umetoa mfukoni 108,000. Utakuwa umewagawia watu wa Lindi shilingi 31,000 na siku zako mbili juu yake, na mwenye duka atakungoja uishiwe.

Ukishaurekebisha utambi, uza rejareja kwa shilingi 8,000, na anayechukua kuanzia 12 umpe kwa 6,500. Usimpe chini ya hapo hata akiwa ni meneja wa hoteli anayekuahidi oda kubwa mwezi ujao. Anayetaka mwanga tu umeme ukikatika mwache anunue mishumaa myeupe ya pakiti au tochi ya sola, na usimwone kuwa amekukimbia. Wako ni yule anayetaka harufu ya mlangilangi sebuleni, anayepamba chumba cha bibi harusi, na wageni wanaokuja huku Mikindani kutazama majumba ya zamani, ambao wakisikia kwamba nta inatoka kwa wafugaji wa nyuki wa Liwale watauliza maswali kumi. Wajibu yote. Halafu kuna makanisa. Sisi hatuna desturi hiyo, lakini shoga yangu wa Ndanda ameniambia kwamba mshumaa wa Pasaka kwa mapokeo yao hutengenezwa kwa nta ya nyuki, na hao hupanga mahitaji yao mapema. Nenda ukaulize kabla ya Ramadhani, uchukue na kipande cha nta wakione na kukinusa.

Shilingi 3,500 hiyo, kama inakukera sana, tengeneza mshumaa mdogo wa gramu 60 katika kikopo cha bati badala ya glasi, lakini upige kwanza hesabu kama niliyoipiga hapa, kwa sababu kazi ya kumimina mdogo haipungui.

Kaka yako anarudi Lindi Ijumaa ijayo na atakaa siku tatu. Mpe mishumaa minne ya majaribio, kila mmoja uandikie chini ya glasi aina ya utambi, nami nitaiwasha hapa kwa saa zile zile. Na yule paka wako asilale tena juu ya karatasi za lebo, mbili zilikuja na manyoya.

Mama yako