Mgonjwa Akisema Hataki Mkono Wako

Ijumaa iliyopita jioni nilikuwa nimesimama kwenye mwendokasi, tumebanana kuanzia Magomeni, simu ikaingia ujumbe. "Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi, nina miezi saba kazini, hospitali binafsi hapa Dar. Leo ndugu wa mgonjwa wamemwambia inchaji, mkuu wa wodi yetu, kwamba mama yao asiguswe na nesi mweusi. Inchaji kanihamishia chumba kingine palepale. Hakuna hata aliyenipa pole. Nimelia chooni. Dada, niache kazi?"

Nilishuka Ubungo wakati safari yangu ilikuwa ya Kimara. Nikatafuta pa kukaa pale kituoni, nikamjibu: usiache kazi, na usilale kabla hujaandika kilichotokea. Hayo mengine ambayo sikuweza kuyaandika kwa kidole gumba ndiyo haya.

Mnaonisoma hapa wengi ni wauguzi, au mko vyuoni mnasubiri leseni. Ndoto zenu nazijua kwa sababu zilikuwa zangu: hospitali binafsi, sare iliyopigwa pasi, mshahara unaoingia tarehe ileile kila mwezi, na baadaye labda Uingereza au Ghuba. Mimi niliipata nafasi hiyo nikiwa na miaka 26. Nyumbani Mbagala mama aliwaambia majirani wote.

Mwaka 2011 tulimlaza mzee mmoja wa Kizungu, aliyefanyiwa upasuaji wa henia. Alikuwa ameishi nchini miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi yetu. Saa moja na nusu asubuhi, tumeshapokezana zamu, niliingia chumbani kwake na trei ya dawa. Nikamwamkia. Hakunitazama usoni. Aliutazama mkono wangu, akasema, "Wewe hapana. Mwambie mkubwa wako anipe yule Mhindi." Nilidhani sijamwelewa. Nikamuuliza kama kidonda kinamuuma, nataka tu kukiangalia. Akasema, "Sitaki mkono mweusi kwenye kidonda changu." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

Sikujibu. Nilibeba trei yangu nikatoka. Miaka yote hii, kinachoniuma zaidi ni kule kutoka kwangu kimya, kama mtu aliyekutwa na kosa.

Inchaji wangu alikuwa Mwafrika kama mimi. Nilipomweleza alisema, "Mwache, mgonjwa ni mteja, tusimkasirishe." Akachukua kalamu, akakata jina langu kwenye ratiba ya zamu, akaandika la mwenzangu aliyetoka Kerala, India. Huyo mwenzangu alikuwa dada mpole, aliona aibu kuliko wote. Adhuhuri aliniletea chai, akakaa kando yangu bila kusema neno. Yule mzee alikaa siku sita, na siku zote sita jina langu lilikatwa.

Mngedhani yameishia hapo. Mwisho wa mwaka ikaja tathmini ya utendaji. Kwenye fomu yangu nikakuta imeandikwa kwamba nina changamoto ya mahusiano na wagonjwa, nimebadilishwa chumba mara sita ndani ya wiki moja. Nyongeza ya mshahara sikupata. Nilipanda ofisini kwa metroni, mkuu wa wauguzi, nikamweleza kisa chote huku natetemeka. Alinisikiliza, akafungua faili, akaniuliza swali moja: "Ripoti yake iko wapi?" Haikuwepo. Kitabu cha matukio kilikuwa kitupu. Inchaji alisema hakumbuki vizuri. Kilichokuwepo kwenye karatasi ni jina langu lililokatwa mara sita, na kila aliyeliangalia aliona nesi mwenye matatizo.

Sote tumefundishwa chuoni: kisichoandikwa hakikufanyika. Tuliliimba kwa ajili ya dawa na vipimo vya presha. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba linahusu pia matusi ninayotupiwa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kuandika. Andika siku hiyohiyo, kabla ya kukabidhi zamu. Andika tarehe, saa, namba ya chumba, maneno yenyewe yalivyotamkwa bila kuyalainisha, nani alikuwepo, nani aliamua ubadilishwe. Mpe inchaji asaini. Akikataa kusaini, andika kwamba amekataa. Nakala moja ibaki kwako, bila siri za ugonjwa wa mgonjwa ndani yake.

Kwa miaka mingi nilidhani mkasa huu ni wangu peke yangu. Baadaye nikaja kusoma kwamba Marekani mambo haya yamefika hadi mahakamani, na kilichonishangaza ni kwamba kule karatasi ndiyo iliyowaumbua waajiri. Katika jimbo la Indiana, nyumba moja ya kulelea wazee ilikuwa inampa msaidizi wa wauguzi karatasi ya kazi za siku iliyoandikwa kwamba mkazi fulani hapendi kuhudumiwa na wasaidizi weusi. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema matakwa ya mkazi juu ya rangi hayampi mwajiri ruhusa ya kugawa kazi kwa rangi. Mwaka 2013, mjini Flint, Michigan, muuguzi wa watoto wachanga mwenye zaidi ya miaka 20 kazini aliishtaki hospitali yake baada ya baba mmoja kudai mtoto wake asiguswe na wauguzi weusi, na agizo hilo likaandikwa na kubandikwa. Wakamalizana nje ya mahakama. Nilipoisoma ile habari ya Flint nililia upya. Nilijiona mimi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na ushahidi wa kushika mkononi.

Na huku kwetu msidhani hatuna pa kusimamia. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza ubaguzi na inataja rangi kwa jina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa rangi, asili au kabila, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kwa hiyo inchaji anapokukata kwenye ratiba kwa sababu ya ngozi yako, jambo limeshatoka kuwa la mgonjwa, limekuwa la mwajiri wako. Mambo yakifika pabaya kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukifukuzwa kazi una siku 30 za kupeleka shauri, migogoro mingine siku 60. Mimi sikujua. Nilipokuja kujua, siku zangu zilishapita zamani.

Jambo la pili: usitoke chumbani kimya. Sema jina lako na cheo chako kwa sauti tulivu. "Mimi ndiye muuguzi wako leo. Tatizo ni nini?" Muulize sababu, kwa sababu si kila anayekataa ni mbaguzi. Mama Mwislamu anayetaka mkunga mwanamke anatafuta stara, na ombi lake ni la haki. Bibi kutoka kijijini anayemtaka nesi anayejua lugha yao anataka kueleweka. Mzee aliyechanganyikiwa kwa homa au kwa ugonjwa wa kusahau anaweza kukutukana asubuhi na mchana akakuita mwanangu. Huyo mhudumie, maneno yake si yake. Mwenye hali mbaya naye hajadiliwi: kwanza uhai, mengine kesho. Ila mtu mzima mwenye akili timamu anayesema hataki rangi yako, ana haki ya kukataa matibabu. Lakini haki ya kuchagua ngozi ya muuguzi, mwajiri hana wajibu wa kumpa. Uingereza, tangu Aprili 2020, hospitali za umma zinaweza kumnyima huduma isiyo ya dharura mgonjwa anayewatolea wafanyakazi maneno ya kibaguzi. Nchi tunayoiota wote imelazimika kufika huko, kwa hiyo msifikiri ukipanda ndege umeliacha tatizo uwanja wa ndege.

Mwaka 2015 nilipewa wodi niiongoze, hospitali nyingine. Niliiongoza miaka minane, na nalisema hili kwa fahari: katika wodi yangu hakuna jina la muuguzi lililokatwa kwa sababu ya rangi. Hata mara moja. Siku ya kujaribiwa ilikuja tofauti na nilivyoitarajia. Familia ya Kiswahili kabisa, watu wa Temeke, walikataa nesi mwenye asili ya Kihindi. "Hawa wanatudharau, asimguse baba yetu." Nilisikia vishawishi moyoni. Sehemu yangu iliyokuwa bado na kidonda cha 2011 ilitaka kusema sawa. Nikawaita pembeni, nikawaambia, "Huyu ndiye muuguzi wa baba yenu leo. Amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kama mimi. Mkiwa na lalamiko juu ya kazi yake nitalisikiliza sasa hivi. Juu ya rangi yake sina msaada." Walinuna siku mbili. Siku ya tatu binti wa mgonjwa alikuwa anamwuliza yule nesi namna ya kumgeuza baba yake kitandani.

Basi na mimi nitubu. Mwaka 2013 mwanangu aliumwa sikio, usaha unatoka. Tulifika kliniki, pale mapokezi wakaniambia daktari yupo, kijana mmoja, Mtanzania. Nikauliza, "Yule Mhindi hayupo leo?" Nilimsubiri saa tatu nzima na mtoto analia mapajani. Sikuwa na sababu yoyote. Sikujua kama yule kijana ni mzuri au mbaya, sikumwona hata uso. Miaka miwili tu baada ya kukataliwa mkono wangu, nilikataa mkono wa mwenzangu. Yule daktari kijana alipita karibu yetu mara mbili, na naamini alisikia.

Tumeurithi huu ugonjwa, na mji huu unaonyesha ulikotoka. Hospitali ya Ocean Road Wajerumani waliifungua mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Wasio Wazungu walikwenda kwenye hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi wa Bagamoyo. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, kila mtu na kitanda chake. Leo Ocean Road inatibu saratani za watu wa rangi zote, na jina la Sewahaji liko kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Mimi nimejifunza kuchoma sindano kwenye wodi hizo. Kuta zimebadilika, lakini mtu mweusi bado anafika mapokezi na kuuliza kama Mhindi au Mzungu yupo, na sisi wenyewe wenye sare tunamwelekeza kwa tabasamu. Ndugu zangu, acheni. Ukimtaka daktari bingwa, uliza ubingwa wake. Uliza amesomea nini, ametibu wangapi. Rangi haisomi kipimo cha damu.

Na ninyi mainchaji, wengi wenu mnanisoma, najua. Nesi akikuletea jambo hili, usimwambie avumilie. Ingia wewe chumbani. Usimwachie mtoto wa miaka 23 apambane na familia nzima, halafu mwisho wa mwaka umwandikie kwamba hana mahusiano mazuri na wagonjwa. Kalamu ya ratiba iko mkononi mwako. Na kama umemhamisha kwa usalama wake, kwa sababu ametishiwa, andika hivyo, kwamba ni kwa usalama wake na kwamba hana kosa. Mistari miwili tu. Mistari hiyo miwili ingeniokoa mimi.

Yule mdogo wangu wa ule ujumbe alinijibu Jumamosi asubuhi. Ameandika ukurasa mmoja na nusu, ameweka maneno yao kama yalivyotoka, ameweka na saa. Inchaji alisita, akasaini. Jumatatu saa nne ana kikao na metroni, nami nimemwambia abebe nakala mbili, moja aiache mezani, moja arudi nayo nyumbani.