Peni za Anglo-Saksoni: geuza sarafu kwanza

Anayeanza kukusanya peni za fedha za Uingereza ya kale hununua sura ya mfalme. Igeuze. Tangu mageuzi ya sarafu ya Mfalme Edgar, mnamo 973, nakshi ilikuwa moja nchi nzima, lakini nyuma paliandikwa jina la mfua sarafu na mji wake. Utamu uko huko.

Tuseme umeshika peni ya Mfalme Æthelred II ya Msalaba Mrefu (aina inayoitwa hivyo kwa msalaba mrefu ulio nyuma yake), ya takriban 997 hadi 1003. Kwa lenzi, tafuta kijisalaba kinachoanzisha maandishi, kisha zunguka kama mshale wa saa: jina la fundi, MO (kifupi cha cheo chake), halafu mji. LVND ni London, EOFR ni York. Ile inayofanana na P mara nyingi ni W ya kale, hivyo PINT ni Winchester. Jina ukilipata, lilinganishe na kumbukumbu za Makumbusho ya Fitzwilliam, Cambridge. Zipo mtandaoni, bure.

Sarafu yenye vidonda usiikimbie. Waviking walipima ubora wa fedha kwa kuidonoa kwa ncha ya kisu, na walipokea nyingi kutoka kwa Waingereza ili waache kushambulia: pauni 10,000 mwaka 991, 48,000 mwaka 1012. Ndiyo maana peni hizi zimefukuliwa kwa wingi Sweden, hasa kisiwani Gotland. Wauzaji huziita mbovu na kuzipunguza bei. Mimi huzitafuta.

Iliyopinda usiinyooshe. Fedha iliyolala ardhini miaka elfu huvunjika kama biskuti. Kusugua ndiyo kabisa usithubutu.

Mizani peke yake haitakuokoa na bandia, kwa sababu hata peni halali hutofautiana uzito, za gramu 1.2 na za 1.7. Tazama ukingo. Sarafu mbili zilizogongwa kwa muhuri mmoja hufanana herufi, lakini kila moja ina ukingo wake na mkao wake. Ukikuta mbili zenye mkwaruzo uleule na pengo lilelile ukingoni, angalau moja imemiminwa kwenye kalibu. Vitundu vidogo vya hewa na herufi zilizolegea kingo hukuthibitishia.

Dai pia maandishi ya asili yake. England na Wales, chini ya sheria ya 1996, anayefukua pamoja sarafu mbili au zaidi za fedha zenye miaka 300 lazima aripoti ndani ya siku 14. Muuzaji akianza kubabaika hapo, mrudishie peni yake.