Je, konyaki huzeeka ikiwa ndani ya chupa?

SWALI: Marehemu baba yetu aliacha chupa ya konyaki ya VSOP aliyokuja nayo kutoka Ufaransa mwaka 1989. Haijafunguliwa. Mjomba anasema kwa miaka yote hiyo imeshakuwa XO, yaani daraja la konyaki kongwe kuliko VSOP, na kwamba rangi yake iliyokolea ni ushahidi. Tunataka kuionja siku ya kumbukumbu yake. Je, mjomba yuko sahihi? Na glasi tuipashe moto kwa mshumaa kama tunavyoona kwenye baa za hoteli?

JIBU: Poleni sana. Mjomba apewe heshima yake, lakini kwa hili amekosea. Chupa hiyo leo ni VSOP vilevile kama siku baba alipoinunua.

Konyaki, yaani brandi ya eneo la Cognac huko Ufaransa, hukomaa ndani ya pipa la mwaloni tu. Mvinyo mweupe wenye uchachu, hasa wa zabibu za Ugni Blanc, huchemshwa mara mbili katika mtambo wa shaba na mvuke wake hukusanywa. Kinachotoka ni kileo cha asilimia 70 hivi, hakina rangi hata kidogo. Pipa ndilo hukipa rangi, vanila na ukakasi, huku hewa ikipenya taratibu kwenye mbao na kulainisha ule ukali. Kila mwaka karibu asilimia 2 hupotea hewani. Watu wa Cognac hukiita kiasi hicho fungu la malaika, na mvuke huohuo hulisha kuvu inayofanya kuta na mapaa ya maghala yao kuwa meusi kama masizi.

Kwenye kioo hayo yote husimama. Wenye maghala wenyewe hulitegemea jambo hilo: brandi ikifika kileleni, kabla mbao hazijaizidi, huihamishia kwenye madumu makubwa ya kioo na kuyaweka katika chumba wanachokiita Paradis, yaani Peponi. Inaweza kukaa humo miaka 50 bila kuongeza umri.

VSOP maana yake brandi iliyo changa kuliko zote katika mchanganyiko imekaa pipani angalau miaka 4. XO ilidai miaka 6, na tangu 2018 inadai 10. Rangi haithibitishi kitu, kwa sababu sheria inaruhusu kuongeza karameli, na pipa jipya hukoleza haraka kuliko pipa kuukuu.

Ukongwe hujulikana kwa pua. Brandi iliyokaa pipani muda mrefu, miaka 10 na kuendelea, huanza kutoa kile Wafaransa wanachokiita ransio: harufu ya jozi, uyoga, ngozi ya zamani, sanduku la msandali lililofunguliwa baada ya miaka. Mimi nikiipata hunyamaza kwanza. Kwenye VSOP ya baba msiitegemee sana. Tafuteni maua, aprikoti, vanila na mdalasini kidogo, navyo ni vizuri kabisa.

Mshumaa uacheni. Joto hutangulia kurusha kileo, kikawachoma pua na kufunika kila kitu kingine. Tumieni glasi ndogo yenye tumbo na mdomo uliobana, mmimine vijiko viwili vya chakula, muiache dakika 10 au 15. Anzeni kunusa glasi ikiwa usawa wa kidevu, kisha ipandisheni polepole hadi mdomoni. Chukueni tone dogo, lizungusheni kwenye ulimi mzima kabla ya kumeza. La pili ndilo litakalowaambia ukweli, maana la kwanza huwa linazoesha kinywa tu.

Kuweni waangalifu na kizibo. Cha miaka mingi hivyo huvunjika kirahisi, kwa hiyo kizungusheni taratibu bila kukivuta kwa nguvu, na muwe na kitambaa safi cha kuchujia na kizibo kingine tayari. Kinachobaki kihamishieni kwenye chupa ndogo iliyojaa mpaka shingoni, maana hewa nyingi ndani ya chupa hufifisha harufu ndani ya miezi kadhaa. Isimamisheni wima, msiilaze kama mvinyo. Kileo kikali hula kizibo.

Na usiku huo glasi moja msiioshe. Iacheni mezani, muinuse asubuhi ikiwa tupu. Kileo kitakuwa kimeshaondoka, na mtakachokikuta kwenye kioo ni kile pipa lilichoacha.