Kutafuta vipande vya nguvu sifuri kwenye kenchi: kwa mnaoanza somo la miundo

Mdogo wangu, ukipewa kenchi usikimbilie milinganyo. Ipitie kwanza kwa macho, kiungio kimoja baada ya kingine, ukitafuta vipande ambavyo havibebi kitu. Dakika chache hizo zitakuokolea kurasa nzima za hesabu.

Anzia kwenye viungio visivyo na mzigo wala egemeo. Vikikutana vipande viwili tu ambavyo haviko kwenye mstari mmoja, vyote ni sifuri. Vikiwa vitatu, na viwili vimenyooka mstari mmoja, kile cha tatu ni sifuri, hata kama kimeinama. Si lazima kiwe wima. Usikariri tu; jiulize: hiki kikivuta, kipi kitakivuta kwa upande wa pili? Kama hakipo, jibu umeshalipata.

Chukua kenchi ya kawaida ya nyumba ya bati. A na B ziko juu ya kuta, C kileleni, D katikati ya boriti ya chini, E katikati ya mteremko AC, F katikati ya BC. CD imesimama, ED na FD zimeinama. Weka mzigo C peke yake. Ukianza na D utakwama, maana vipande vitano vinakutana hapo. Nenda E: AE na EC ni mstari mmoja, mzigo hakuna, basi ED ni sifuri. FD vilevile. Vifute kwa penseli kisha urudi D. Zimebaki AD, DB na CD, kwa hiyo CD nayo ni sifuri! Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa sababu mtu amepita mara moja akatosheka. Rudia mpaka upite bila kupata sifuri mpya.

Sasa laza papi juu ya E na F, kila moja ilete kilonyutoni 2, mteremko ukiwa nyuzi 30. ED na FD zinagandamizwa kwa kilonyutoni 2 kila moja, zinaisukuma D kwenda chini, na CD inavutwa kwa kilonyutoni 2. Vipande vyote vitatu vimeamka.

Kwa hiyo usimwambie fundi avikate. Hata mzigo ukiwa C peke yake, mti wa AC unagandamizwa, na ED ndiyo inayouzuia usipinde katikati. Kwa kanuni ya Euler, urefu usioshikiliwa ukiongezeka mara mbili, uwezo wa mti kuhimili kupinda unashuka hadi robo. Tena upepo mkali ukiinua paa, ED iliyokuwa ikigandamizwa inaweza kuanza kuvutwa, na maungio yake yasipopigwa vizuri yanachomoka. Kwenye ripoti andika "sifuri kwa mzigo huu", utaje mzigo wenyewe, kisha ukague upya kila hali ya mzigo.