Besi inayofifia katikati ya ibada: anza na betri

Kaka, kabla hujampa fundi hela ya kubadilisha sumaku za kunasia sauti, geuza gitaa uangalie mgongoni. Umesema besi uliyonunua mtumba hapo Moshi inaanza ibada vizuri, halafu sauti inakwaruza na kufifia kadiri nyimbo zinavyoendelea. Sumaku hazifi hivyo. Ukikuta kifuniko chenye betri ya volti 9, basi ndani kuna kikuza sauti kidogo kinachokula betri hiyo. Weka mpya kwanza, ujaribu.

Na hapa ndipo wengi tunaumia: kwenye besi nyingi za aina hiyo, swichi ya betri ni lile tundu la jeki lenyewe, pale unapochomeka waya wa amplifaya. Waya ukibaki umechomekwa, betri inaliwa tu, hata kama amplifaya imezimwa na sauti ya gitaa iko sifuri. Kwaya yetu hapa Arusha tuliwahi kuiacha besi imechomekwa toka Jumapili mpaka mazoezi ya Alhamisi. Uzi wa E, ule mnene, ukawa unatoka kama mtu anayeongea huku kaziba mdomo na kitambaa. Siku hizi nashusha sauti ya amplifaya, nachomoa waya, ndipo navua mkanda wa gitaa.

Betri mpya isiposaidia, tikisa jeki taratibu. Sauti ikikatakata, kaza nati ya tundu, ila lishike kwa ndani lisizunguke. Likizunguka, nyaya zilizochomelewa huko zinakatika.