Marafiki wangu walinyamaza makombora yakipita juu yetu

Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana kutoka Nakuru. Tangu 2024 nafanya kazi katika shamba la nyanya kusini mwa Israeli, karibu na Gaza. Juni 2025, makombora ya Iran yalipokuwa yakija usiku, tulikesha kwenye kibanda cha zege, viatu mkononi. Wenzangu wa chuo walioko Nairobi, Doha na Toronto hawakuniuliza hata kama niko hai. Kwenye grupu letu la WhatsApp walikuwa wakibishana rangi ya sare za harusi. Mmoja aliniambia nilijipeleka mwenyewe. Rafiki yangu wa karibu kuliko wote huweka picha za watoto wa Gaza kila siku, lakini mimi hanisemeshi. Nijitoe kwenye grupu?

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kutoka kwenye kibanda hicho, ukashika simu na kukuta mjadala wa sare, lazima kukuume.

Usijitoe bado. Wengi wao hawajakusahau, wanaogopa. Vita hivi vimegawanya watu hata huku kwetu, na mtu anahofia kwamba akikujulia hali ataonekana amechukua upande. Asipouliza wiki ya kwanza, ya pili anaona haya, ya tatu anajifanya hajui. Wengine wanaogopa jibu lenyewe. Kabla hujaenda tulishasikia habari za wale vijana wawili Watanzania waliokwenda kusomea kilimo, wakauawa katika shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023.

Aliyekwambia ulijipeleka, mwache. Ulifuata riziki, kwa mpango ambao serikali yetu yenyewe iliutangaza baada ya maelfu ya wafanyakazi Wathai kurudi kwao. Anayekusimanga kwa hilo hana la kukufaa sasa.

Ninayemfikiria zaidi ni huyo rafiki wa picha. Umeandika kana kwamba kila picha anakusuta wewe. Sidhani. Gaza watu wameuawa kwa makumi ya maelfu, watoto wengi mno wakiwemo, na familia zimehama hema hadi hema. Anawalilia, na ana haki ya kuwalilia. Alipokosea ni kukuacha wewe nje ya machozi hayo. Nawe usimjibu kwa kumhesabia wafu wa upande wa pili. Najua watu takriban 1,200 waliuawa Israeli siku ile ya Oktoba 7 na 251 wakatekwa, na kwa majirani zako kidonda hicho kingali kibichi. Lakini mkianza kushindanisha misiba, hamtasikilizana tena.

Mtumie ujumbe wa sauti, asikie pumzi yako. Mweleze jinsi unavyochuma nyanya mchana huku ukisikia mshindo wa mabomu ng'ambo ya uzio, yakiwaangukia watu hao hao anaowalilia. Nina hakika umeyasikia, na sidhani umewahi kumsimulia. Kisha mwambie waziwazi: "Nilikungoja uniulize kama niko hai." Usiongeze lawama. Mpe siku kadhaa. Akinyamaza hata baada ya hapo, basi umempoteza, na una ruhusa ya kumlilia.

Wakati huo usijifungie. Kaa na Wakenya wenzako jioni, hata kama ni kupika ugali tu na kupiga soga. Usingizi ukikukataa, au ukishtuka kila trekta ikiwashwa, piga 1201, simu ya shirika la Eran linalosikiliza watu wenye dhiki ya moyo. Na kama mwajiri hajaweka mahali pa kujikinga karibu na mnapolala, nendeni pamoja kwa Kav LaOved huko Tel Aviv, wanaotetea haki za wafanyakazi. Hilo lisingoje hata wiki moja.

Kwenye grupu andika mistari miwili: uko hai, na ungependa kupigiwa simu Jumamosi, kazi ikiwa imesimama. Wakipiga wawili tu, zungumza na hao wawili.